Mnaosema "enzi za mkoloni mji ulikuwa msafi": tukae kidogo kwenye meza ya Kanjo (baraza la mji) ya Nairobi, 1900 hadi 1922

Kigoda cha Mvule (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jana kijiweni kwetu limezuka lile lile. Mvua imepiga saa moja tu, mtaro umetapika barabarani, jamaa mmoja akatikisa kichwa: "Enzi za mkoloni haya hayakuwepo. Mzungu alikuwa anapanga mji." Wenzake wakaitikia amina. Mimi nikanyamaza, maana kahawa niliyokuwa nakunywa kailipia yeye. Leo nimejinunulia mwenyewe, kwa hiyo nasema.

Naichukua Nairobi makusudi. Mombasa, Lamu, Bagamoyo na Unguja mkoloni aliikuta miji ina misikiti, visima na wenyewe. Pale angeweza kusema "nimekuta mambo yameharibika." Nairobi hakuikuta. Palikuwa mahali Wamaasai wananyweshea ng'ombe, na jina lenyewe ni la kwao, maji ya baridi. Reli ikafika 30 Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa, na mji ukaanza kwa amri yake yeye. Kama kuna mahali mkoloni alipata ukurasa mweupe akaandika atakacho, ni hapo.

Sasa tazameni alichokiandika. Wahandisi wa reli walikuwa wanatafuta uwanja tambarare wa kupanga mabehewa, kujenga karakana na kupumzika kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Uwanja tambarare ni mzuri kwa behewa. Kwa maji machafu ni balaa, kwa sababu maji hayateremki kwa kubembelezwa. Chini ni udongo mweusi ule unaonata kiatu mpaka unatembea kama umefungwa matofali, na pembeni bwawa la mafunjo. Hapo ndipo wakaweka makao makuu ya reli, na soko la Wahindi likaota mbele yake.

Aprili 1900 serikali ikatoa kanuni za mji. Mji ulikuwa nini? Walichukua ofisi ya naibu kamishna, John Ainsworth, wakaifanya kitovu, wakazungusha duara la maili moja na nusu. Kilicho ndani ya duara ni mji, kilicho nje ni porini. Ikaundwa Kamati ya Manispaa, wajumbe wa kuteuliwa, mwenye ofisi ile ile akiwa mbele. Shughuli zake: barabara, taa, kufagia, kuzoa taka, kulinda usalama.

Hapo ndipo penye utamu wote wa huu uzi. Ardhi kubwa ya katikati ilikuwa ya reli. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa za reli. Maji yalikuwa ya reli. Reli haikutaka kuamrishwa na kamati ya mji, wala kuilipa kodi kama mwenye duka. Kwa hiyo mnaona picha: Reli ina kila kitu, Kamati ina fagio.

Nakuja na tauni. Nipeni dakika.

Nanasi Bichi

Nimeweka kigoda. Tiririka mkuu.

Mtaa wa Nyuma

Nasubiri tauni, ila swali dogo: hilo neno "Kanjo" lilianza lini? Mimi nilidhani ni sheng ya juzi.

Kigoda cha Mvule

Mtaa wa Nyuma, ni neno la Kiingereza la baraza, "council", lililotafunwa na ndimi za watu mpaka likawa letu. Siku hizi ukisema "Kanjo" Nairobi, mama wa mboga hafikirii baraza wala madiwani, anafikiria askari na karandinga. Huku kwetu Tanzania Bara tunasema "Jiji" kwa kiwewe kile kile: "Jiji wanakuja!" na beseni linatoweka.

Tauni sasa.

Mwaka 1902 panya walianza kufa kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi, kisha watu. Vibanda vya mabati na mbao, nafaka imerundikwa ndani, familia inalala nyuma ya duka, na huko nyuma hakuna mtaro. Kamati ilifanya nini? Mtaa ukachomwa moto. Ndiyo, ulichomwa, kwa amri ya waganga wa serikali, ukaanza kujengwa upya. Miaka miwili haijaisha, 1904, tauni ikarudi. Hapo madaktari wakaandika kuomba mji mzima uhamishwe, kwamba mahali penyewe hapafai watu kuishi.

Someni tena sentensi hiyo. Mji una miaka mitano, na madaktari wake wenyewe wanasema uvunjwe upelekwe kwingine.

Haukuhamishwa. Serikali ilikuwa tayari inahamisha makao yake makuu kutoka Mombasa kuja Nairobi, ikafanya hivyo 1905. Mwaka 1906 Hayes Sadler, mkuu wa Himaya ya Afrika Mashariki (jina la Kenya wakati huo), akalipeleka tena suala la kuhama London, na jibu likawa kwamba muda umeshapita, pesa nyingi imeshazikwa pale. Mwaka uliofuata akaletwa mhandisi Bransby Williams aandike ripoti ya usafi wa Nairobi. Ripoti ikaandikwa. Mwaka 1911 hadi 1913 tauni tena. Akaja Profesa Simpson, mtu aliyewahi kuwa daktari wa mji wa Calcutta, naye akaandika ripoti. Nadhani tunaoijua michezo ya ofisi za mji tunaelewa: ukiona ripoti ya tatu juu ya mtaro mmoja, ujue mtaro hautachimbwa.

Suti Nyeusi

Mleta mada una chuki binafsi. Nenda leo uangalie zile barabara pana za katikati ya Nairobi, nenda uone miti. Nani alipanda? Babu zetu?

Kigoda cha Mvule

Suti Nyeusi, swali lako la haki, silikimbii.

Miti alihimiza Ainsworth. Mikaratusi, ile ya Australia inayokunywa maji kama ngamia, ilipandwa kukausha kinamasi na kuleta kivuli. Nampa heshima yake. Aliyeshika jembe, hata hivyo, unaweza kumkisia, na hakuvaa ile kofia ya cork ya Wazungu.

Barabara pana pia ni kweli. Ile tunayoiita Kenyatta Avenue, zamani Sixth Avenue kisha Delamere, husemwa iliachwa pana ili mkokoteni wenye msururu wa maksai uweze kugeuka. Upana ule ulikuwa wa ng'ombe, hakuna aliyeota foleni ya matatu. Na mvua ikinyesha mkokoteni ulizama mpaka kwenye ekseli, hizo ndizo barabara zako.

Lakini angalia vile vitu ambavyo kamati ya mji inapaswa kutoa yenyewe, soko na mahali pa kupumzika. Soko la mwanzo lilijengwa na mfanyabiashara, A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa zabuni za reli. Bustani ya katikati ya mji ni yeye huyo huyo aliyeitoa, ikafunguliwa 1906, na sanamu ya Malkia Victoria juu. Hiyo ndiyo Jeevanjee Gardens ambako mpaka leo watu wanakaa kwenye nyasi kuchambua siasa mchana kutwa. Umeme wa Nairobi ulianzishwa na kampuni ya watu binafsi. Maji ya bomba yalitoka chemchemi za Kikuyu kwa kazi ya reli. Ukiondoa hayo, kilichobaki mezani kwa Kamati ni taka, kinyesi na ugomvi wa nani alipe.

Mswahili wa Kibokoni

Hapo kwenye barabara mmenikumbusha kwetu Mombasa. Enzi hizo hizo wakubwa hawakutembea kwa miguu wala kwa farasi. Mji ulitandikwa vireli vyembamba, juu yake vigari vidogo vyenye kiti na kivuli, na vinasukumwa na watu. Bwana anakaa anaenda ofisini, kwenye mteremko wasukumaji wanadandia nyuma, kwenye mlima wanasukuma kwa kifua. Vikadumu mpaka miaka ya 1920 magari yalipozidi. Kila ofisa ana kireli chake mpaka mlangoni. Halafu mwaambiwa mkoloni alipanga usafiri wa umma!

Na nyie wa bara mseme "karakana" na "mikaratusi" mpaka kesho, lakini kazi chafu ilikuwa na jina lake. Mtu wa kubeba ndoo za chooni sisi tulimwita chura.

Nanasi Bichi

Chura?? Kwa sababu anatoka usiku?

Mswahili wa Kibokoni

Sijui wallahi, ila alitoka usiku kweli, na watoto tuliambiwa tukimsikia tusichungulie.

Kigoda cha Mvule

Ahsante sana Mswahili wa Kibokoni, umenifungulia mlango niliokuwa nauzunguka.

Tanzania tunamwita topasi, neno lililokuja na Wahindi. Na kwa maoni yangu huyu chura, huyu topasi, ndiye aliyekuwa manispaa. Wengine walikuwa wanahudhuria vikao.

Mfumo ulikuwa wa ndoo. Choo kina tundu, chini kuna ndoo, nyuma kuna kidirisha kidogo kinachotazama uchochoro. Usiku topasi anapita uchochoroni, anavuta ndoo iliyojaa, anaweka tupu, anaimwaga kwenye tangi la mkokoteni, mkokoteni unakwenda kumwaga mbali na mji. Ndiyo maana mitaa ya zamani ina vile vichochoro vya nyuma vyembamba ambavyo leo vimejaa mafundi simu na supu. Ukimwambia fundi simu kwamba ofisi yake ilipimwa kwa ajili ya ndoo anaweza asikuuzie chaja.

Mfumo huu unataka vitu viwili tu: watu na ratiba. Topasi asipokuja siku mbili, mji wote unajua, kuanzia kwa gavana. Na ndoo inagharimu kila siku, haiishi kama bomba ukishalilaza. Kwa hiyo swali la kudumu mezani lilikuwa mtaa gani upitiwe kila usiku, upi mara chache, na upi usipitiwe kabisa. Jibu lilifuata ngozi. Vilima vya Wazungu kwanza, maduka ya Wahindi baadaye na kwa lawama, vijiji vya Waafrika vikajichimbia vyao. Kisha ripoti inakuja kusema vijiji vya Waafrika ni vichafu.

Profesa Simpson wa 1913 alilimaliza kisomi kabisa. Ushauri wake mkubwa ulikuwa mitaa itengwe kwa rangi, kwamba ndiyo njia ya kuzuia maradhi. Panya hakuulizwa.

Kariakoo Shimoni

Mkuu kwetu Dar Mjerumani alimtangulia. Kanuni yake ya ujenzi ya 1891 ilipanga mji kwa aina ya nyumba: sehemu hii nyumba za mawe za Kizungu, ile pale hivi, kule vibanda. Hakuandika "Mwafrika asikae hapa", aliandika aina ya nyumba ambayo Mwafrika hawezi kuijenga. Ndiyo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Na Kariakoo ni hadithi hiyo hiyo. Ilikuwa shamba la Schöller, Mjerumani akalinunua karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia apime viwanja vya Waafrika, vita ikamkuta. Mwingereza akaja akafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ulimi ukaligeuza Kariakoo. Kiwanja kilipimwa na mmoja, jina likatolewa na mwingine, nyumba tukajenga wenyewe.

Kigoda cha Mvule

Kumbe na Nairobi wana Kariokor yao kwa sababu hiyo hiyo, wapagazi wale wale. Wengi walikufa kwenye vita ile kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Lakini huo ni uzi mwingine, nisiuanze, sitalala.

Dada wa Majengo

Mimi nimezaliwa Pumwani, Majengo, na bibi yangu pia. Naomba niingie maana nyinyi mnaongea ndoo tu.

Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji vya Waswahili Nairobi. Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Walikuwepo watu wa pwani waliokuja na misafara na reli, Wanubi wenye asili ya Sudan, Wakikuyu na Wakamba waliosilimu, kila aina. Na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake! Mama amekuja mjini, amefanya kazi anayoijua yeye, amejenga nyumba ya udongo ya vyumba sita, anapangisha. Anajua kodi kuliko hao madiwani.

Halafu Kanjo ikaja na mpango wake.

Kigoda cha Mvule

Dada, karibu sana, na usiondoke. Ndiyo sehemu niliyokuwa nataka mwenyeji aisimamie.

Mwaka 1919 Kamati ilipandishwa ikawa Baraza la Manispaa kamili, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ikafunguliwa. Watu wa Maskini, Kaburini na Mji wa Mombasa wakaamrishwa kuhamia huko. Sasa sikilizeni mgawanyo wa kazi. Baraza linapima kiwanja na kuleta vyoo na mabomba ya pamoja. Nyumba unajenga mwenyewe kwa mifuko yako. Kila mwezi unalilipa Baraza kwa kiwanja ambacho si chako. Yaani wewe ni mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja, juu ya kipande kile kile.

Halafu kuna pombe. Baraza lilifungua kilabu chake Pumwani, likapiga marufuku mtu mwingine yeyote kupika pombe ya kienyeji. Utaratibu huu waliuiga Durban, Afrika Kusini: manispaa inawauzia Waafrika pombe, na faida ndiyo inayogharamia huduma za hao hao Waafrika. Ukitaka zahanati, kunywa! Aliyekuwa anapika pombe nyumbani, ambaye mara nyingi ni huyo mama mwenye vyumba sita, akawa mhalifu kwa kufanya biashara ambayo mji umeanza kuifanya mwenyewe.

Dada wa Majengo

Bibi alikuwa akisema, "Kanjo haikukataza pombe, ilikataza mimi." Basi.

Suti Nyeusi

Sawa nimewasikia. Lakini hamjajibu: Wahindi si walikuwa na pesa? Kwa nini hawakuingia humo barazani wakabadilisha?

Kigoda cha Mvule

Suti, umeanza kuuliza maswali mazuri, tutakupenda bure.

Walikuwa na pesa na walikuwa wengi mjini kuliko Wazungu, lakini viti vya baraza vilipangwa Wazungu wawe wengi. Wahindi wakapigania jambo hilo kwa miaka, kwa malalamiko na kwa kususia. Walilipa kodi ya mji kwenye viwanja vya maduka yao, halafu wakahesabiwa wachache kwenye meza inayogawa hiyo kodi. Mwaka 1923 London ilipotoa waraka wake maarufu juu ya Kenya, ule wa Devonshire, iliachana na kuwatenga watu kimakazi kwa sheria mijini. Lakini wenye viwanja walikuwa wameshaandika mikataba inayokataza kumuuzia asiye Mzungu, kwa hiyo kilima kikabaki kilima. Hata Jaji Feetham alipotumwa kuchunguza serikali za miji ya Nairobi na Mombasa miaka ya 1926 na 1927, Wazungu walitoka na wingi wao mkononi.

Mwafrika hakuwa na kiti hata kimoja. Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, Charles Rubia, alipatikana 1962, na mji ulikuwa umeshapewa hati ya kuwa jiji tangu 1950. Hesabu miaka kuanzia 1900.

Mtaa wa Nyuma

Kwa hiyo mkuu unasema mji haukuwa msafi hata siku moja?

Kigoda cha Mvule

Hapana, sikusema hivyo. Ulikuwa msafi sana, kama ulikaa kilimani. Jamaa yangu wa kijiweni hadanganyi, amerithi kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akipita huko kwenda kumfulia Mzungu nguo, akaona nyasi zimekatwa. Alichosahau kurithi ni kumbukumbu ya huyo huyo akirudi jioni kwake Kaburini.

Nanasi Bichi

Dada wa Majengo, na Pangani iliishia wapi? Umeitaja mwanzo halafu haikuhamia Pumwani na wenzake.

Dada wa Majengo

Pangani ilikataa. Ilikuwa kubwa, imejengeka, wenyewe hawakutaka kuacha nyumba zao. Ikadumu mpaka mwisho wa miaka ya 1930 ndipo ikabomolewa, watu wakaletwa karibu na sisi huku kwenye nyumba zilizojengwa na Kanjo. Safari hii hukuruhusiwa kujenga yako, unapewa chumba upange. Ukiwa na nyumba Pangani, ukifika huku wewe ni mpangaji.

Mtaa wenyewe unaitwa Shauri Moyo. Wazee wanasema ni kwa sababu kila mtu aliachiwa ashauriane na moyo wake: uende au ubaki bila paa.